Dada Aliniambia Ameacha Sindano

Dada yangu ndiye aliyenifundisha kujichoma sindano. Nesi wa kliniki ya sukari kule Ngara alikuwa amenionyesha vizuri, akanipa chupa ya insulini na mabomba ya sindano, akaniuliza kama nimeelewa nikasema ndiyo. Nilipofika nyumbani Kirushya mkono uligoma. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nimebana ngozi ya tumbo kwa vidole, bomba liko tayari, machozi yananitoka, na mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu. Mume wangu alisimama mlangoni akanitazama, kisha akasema, "Mpigie dada yako."

Kesho yake dada akashuka kwenye basi pale Kabanga akitokea Biharamulo, akapanda pikipiki mpaka kwetu. Hakupumzika wala kunywa maji. Alinawa mikono, akakaa karibu yangu, akapandisha blauzi yake na kujichoma mbele yangu huku anaongea habari za bei ya maharage. Akachomoa sindano, akashusha blauzi. "Umeona? Sasa wewe." Nikajichoma. Sikusikia hata maumivu, tukacheka mpaka mume wangu akaja kuchungulia.

Jioni ile alinitengenezea chungu. Sisi hatuna friji, na insulini haitaki joto. Alichukua chungu kikubwa, akaweka ndani yake kingine kidogo cha kutunzia dawa, katikati akajaza mchanga, akaumwagia maji, akafunika juu na kitambaa kibichi. Akakiweka kwenye kona ya chumba ambako jua halifiki. Alisema na yeye anacho kama hicho nyumbani kwake. "Mchanga usikauke tu," akaniambia. "Ukikauka dawa inakufa."

Nieleze kidogo huyu dada yangu ni nani. Mama yetu alifariki mimi bado nasoma darasa la pili. Baba alikuwa mtu wa shamba na pombe ya ndizi, hakujua mtoto anaogeshwaje. Dada ndiye aliyenifulia sare, ndiye aliyenipeleka mafundisho ya komunyo ya kwanza, na nilipopata hedhi nilimkimbilia yeye. Alipoolewa Biharamulo nililia kuliko alivyolia yeye. Kwa hiyo anachosema dada, mimi sikuwa na desturi ya kukichunguza. Nilikipokea tu, kama mtu anavyopokea chakula kwao.

Ugonjwa nao ulianza kwake. Alikonda ghafla, akawa anaamka kukojoa kila mara, akapimwa, akaambiwa ni kisukari. Miaka michache baadaye ikawa zamu yangu. Mimi nilianza na vidonge vya metformini, asubuhi na jioni, na kwa muda vilitosha. Baadaye sukari ikawa haishuki hata nikimeza kwa uaminifu. Daktari akasema nisijilaumu, ugonjwa huu unatembea, tuongeze insulini.

Maisha yalibadilika, lakini siwezi kusema yaliharibika. Nesi hakunikataza ndizi, maana angenikatazaje ndizi mtu wa Ngara? Aliniambia nipunguze, nianze na mboga, nijaze nusu ya sahani kwa mboga, halafu ndizi na maharage vigawane nusu iliyobaki. Nikapanda mchicha na maboga nyuma ya nyumba. Nikaacha soda. Chai ikawa haina sukari, na mume wangu, bila kuombwa, naye akaacha kuweka sukari kwenye yake. Alikuwa anakunja uso kila anapoinywa, ila hakurudi nyuma. Kilichonichosha hakikuwa sindano. Nilichoshwa na kule kujua kwamba haitaisha. Kwenye harusi watu wananisukumia sahani ya wali na kusema, "Kula mama, leo ni sherehe, dawa si unayo?" Nikirudi nyumbani, chungu kinanisubiri. Kesho, mwakani, mpaka nitakapozikwa.

Ni katika uchovu huo ndipo ziliponifikia habari kwamba dada amepona.

Mume wake alikuwa amefariki, na baada ya msiba alihamia kwenye kikundi kimoja cha maombi pale mjini Biharamulo. Mimi nilibaki Mkatoliki, hatukugombana kwa hilo. Alinipigia simu akasema kuna mkutano, atatoa ushuhuda, anataka niwepo. Nikapanda basi pale Kabanga asubuhi, nikafika mchana, nikamkuta amevaa kitenge kipya na kilemba cheupe. Alikuwa amenenepa kidogo, ngozi inang'aa. Nikajiambia, kweli kuna jambo.

Aliposimama mbele ya watu alizungumza Kiswahili kizuri, kile cha kanisani. "Nilikuwa najichoma asubuhi, najichoma jioni," alisema. "Tumbo langu lilikuwa kama chekecheke. Leo sina sindano. Leo sina kidonge. Nani kama Mungu?" Watu wakapiga vigelegele. Mchungaji, kijana mpole mwenye sauti nyembamba, alifuta macho. Akina mama walikuja kumshika mikono, wengine wakaiweka ile mikono yake kwenye nyuso zao. Nilimtazama dada yangu aliyenilea, anazungukwa namna ile, nikajisikia fahari.

Lakini sikuwa mjinga kabisa. Tuliporudi nyumbani kwake, tukakaa sebuleni wawili tu, nilimuuliza. Nilimuuliza kwa Kihangaza, lugha ya mama yetu, lugha ambayo hatuitumii kwa ajili ya watu.

"Dada, niambie mimi. Umeacha kweli?"

"Nimeacha."

"Hata vidonge?"

"Hata vidonge, mdogo wangu."

"Na ukipima?"

"Inasoma vizuri tu. Kama ya mtu mzima asiyeumwa."

Alinitazama machoni akisema hayo. Hakutikisika. Akaongeza, "Mungu si wangu peke yangu." Kisha akainuka kwenda kupika.

Nilirudi Kirushya nimebeba maneno yale. Nilimwambia mume wangu kwamba nataka kuacha dawa. Alikuwa anachambua kahawa, akaendelea kuchambua.

"Nesi anasemaje?"

"Nesi hajui mambo ya Mungu."

"Mimi pia siyajui," akasema. "Lakini nilikuona ulivyokuwa kabla ya dawa. Sitaki tena kukuona hivyo."

"Dada amepona. Nimemwona kwa macho yangu. Nimemuuliza."

Akatupa punje mbovu pembeni. Alimheshimu dada, kila mtu alimheshimu. Angeanzia wapi kusema shemeji yake ni mwongo?

Nilianza kwa kuruka sindano ya jioni. Halafu nikaacha ya asubuhi. Vidonge navyo nikavifungia kabatini. Siku za mwanzo nilijisikia mwepesi, nikalima palizi ya maharage kwa nguvu mpya, nikaimba. Mchanga wa chungu nikauacha ukauke. Niliona ni sehemu ya imani, kutoacha mlango wa nyuma wazi.

Kiu ilirudi polepole. Kwanza nilisema ni jua. Kisha nikawa ninakunywa maji mtungi mzima na mdomo bado mkavu, na chooni nakwenda na kurudi. Macho yakaingia ukungu. Siku moja shambani nilijikwaa kwenye kisiki kilichokatwa, nikaumia karibu na kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Sikuhisi maumivu ya kunizuia kazi. Niliona damu kwenye ndara nikaifuta kwa majani. Lile jeraha halikufunga. Lilianza kutoa maji, halafu harufu.

Nikampigia dada. "Kiu imerudi," nikasema. "Na nina kidonda mguuni."

Nilidhani mtandao umekatika.

"Dada?"

"Njoo Biharamulo," akasema. "Njoo haraka tuombe pamoja."

Baadaye niliyageuza maneno hayo mara nyingi. Labda alitaka niwe karibu ili anitazame. Labda alitaka niwe karibu na hospitali bila kusema neno hospitali. Lakini siku ile nilisikia kilichosemwa tu, kwamba tutaomba. Mume wangu alinisindikiza mpaka kwenye basi. Alitaka kwenda nami, nikamkatalia kwa sababu mbuzi wetu alikuwa karibu kuzaa. Alinishika mkono dirishani mpaka basi lilipoanza kuondoka.

Sikumbuki vizuri njia. Nakumbuka kwamba pale Lusahunga watu walishuka kununua mahindi ya kuchoma na ile harufu ikanitapisha.

Kwa dada walikuwa wamekusanyika akina mama wa kikundi. Walinilaza kwenye mkeka sebuleni, wakanizunguka, wakaomba. Nawatendea haki, waliomba kwa moyo, na mmoja alinifuta matapishi kwa kitenge chake mwenyewe. Nilitapika usiku kucha, na kulipokucha nikawa napumua kwa kasi kama mtu aliyepanda mlima. Dada alikuwa haketi. Anaomba kidogo, anainuka, anaingia chumbani kwake, anafunga mlango. Anatoka, ananishika paji la uso, anarudi chumbani. Nilisikia ule mlango ukifunguka na kufungwa, ukifunguka na kufungwa. Nilidhani anakwenda kulia asinitie hofu.

Mchana nilianza kusinzia, usingizi mzito usio wa kawaida. Sauti ya mwisho niliyoisikia ni yake akipiga kelele nje kuita bajaji.

Niliamka hospitalini. Dripu ilikuwa mkononi, mguu umefungwa bandeji kubwa, ulimi mzito. Dada alikuwa kwenye kiti, ameegemea ukuta, amelala mdomo wazi. Kwa mara ya kwanza nilimwona amezeeka. Nilimpenda sana dakika ile. Daktari alipokuja aliniambia kwamba nimeponea chupuchupu, damu ilikuwa imeanza kugeuka sumu kwa ukosefu wa insulini, na kwamba aliyenileta alifanya vizuri kueleza upesi kuwa nina kisukari na nimeacha dawa, maana hawakupoteza muda. Nilimtazama dada. Alikuwa ameamka, anaangalia sakafu.

Siku iliyofuata nilikuwa nimefumba macho, nimechoka, silali. Nesi mmoja aliingia kubadilisha dripu. Nilisikia akisema kwa furaha, "Ee, shikamoo mama!"

"Marahaba," dada akajibu kwa sauti ndogo.

"Mbona uko huku leo? Kliniki yako si ilikuwa juzi tu? Au insulini imekupungukia?"

Nilisikia kiti cha dada kikisogea.

"Au sukari imekushuka tena kama siku ile? Mama, nilikwambia usijichome kabla chakula hakijawa tayari."

"Nimemleta mgonjwa," dada akasema. "Huyu ni mdogo wangu."

"Oo, pole sana." Nesi akaniinamia, akarekebisha bomba la dripu. "Basi atakuwa na mwalimu mzuri nyumbani," akasema, akatoka na viatu vyake vinavyolia.

Nesi yule hakujua alichokifanya. Mimi niliendelea kufumba macho kwa muda. Nilijaribu kutafuta maelezo mengine. Pengine amemfananisha. Pengine ameanza dawa upya juzi. Kisha nikakumbuka ule mlango wa chumbani.

"Dada," nikasema. "Nimesikia."

Akaanza kulia kabla sijamaliza.

"Tangu lini?"

"Sikuwahi kuacha. Niliacha kidogo tu, mwanzoni. Halafu nikarudi."

"Na siku ya ushuhuda?"

"Siku ile nilikuwa nimejichoma asubuhi."

Kwa Kihangaza. Alinijibu kwa lugha ileile aliyonidanganyia.

"Na mimi nilipokuwa kwenye mkeka, dawa ilikuwa wapi?"

Alifunika uso kwa upande wa kitenge. Ilibidi nimuulize tena.

"Chumbani," akasema. "Kwenye chungu. Niliingia mara nyingi. Niliishika chupa, nikavuta dawa kwenye bomba. Kisha nasikia akina mama wanaomba, narudisha. Mwisho nikajiambia, nikichelewa zaidi atakufa, ndipo nikaita bajaji."

Nilimtazama mtu huyu. Najua sasa kwamba kunichoma insulini bila kunipima nayo ingeweza kuniua, daktari alinieleza. Lakini hakuhitaji kunichoma. Alihitaji kusema neno moja tu kwa wale akina mama, au kwangu: tumpeleke. Asubuhi, badala ya mchana. Au angelisema kwenye simu. Au siku ile sebuleni nilipomuuliza. Nilihesabu nafasi zote alizokuwa nazo, na katika kila moja mimi nilikuwa namngoja aseme.

"Toka," nikamwambia.

Alitoka. Jioni alirudi na uji, akauweka, akatoka tena. Hivyo hivyo kila siku. Uji, chai, maji ya kuoga, nguo safi. Aliniogesha kama alivyoniogesha utotoni, na mimi nikakubali kuogeshwa maana sikuweza kusimama, na hatukusemezana. Mume wangu alipofika kutoka Kirushya alidhani tumenyamaza kwa sababu ya ugonjwa. Siku hiyo hiyo walinikata vidole viwili vya mguu wa kushoto. Kidonda kilikuwa kimekwenda mbali. Nilisaini kwa dole gumba ingawa najua kuandika, sikuwa na nguvu ya kushika kalamu.

Baada ya hapo mchungaji alikuja na akina mama kadhaa. Alisali sala fupi, kisha akavuta kiti karibu, akaniuliza kwa upole, "Mama, daktari anasema uliacha dawa. Nani alikwambia uache?"

Dada alikuwa amesimama nyuma yake na chupa ya chai. Niliona vidole vyake vilivyoishika. Nikasema, "Niliamua mwenyewe." Sijui kwa nini nilimficha. Labda ni mazoea. Miaka yote sisi wawili tulikuwa upande mmoja.

Mchungaji alipoondoka, mama mmoja alibaki. Alikuwa mnene, muuza samaki sokoni, ndiye yule aliyenifuta matapishi kwa kitenge chake. Alingoja dada aende kuosha vyombo nje, akaniinamia.

"Mama, na mimi nina sukari," akanong'ona. "Nimekuwa naogopa kwa hiki kilichokupata. Lakini nikimwangalia dada yako napata nguvu. Labda wewe imani yako ilikuwa bado changa, usinielewe vibaya. Mimi nimeamua Jumapili hii naacha."

Alinitabasamia. Alikuwa na mwanya, macho mazuri, mtu wa kupendwa na watoto. Nikaona mguu wake chini ya kitenge, mzima, ndani ya ndara.

"Usiache," nikamwambia.

"Lakini dada yako..."

"Dada yangu anajichoma kila siku. Hajaacha. Dawa iko chumbani kwake kwenye chungu cha mchanga. Ameniambia kwa kinywa chake."

Yule mama alirudi nyuma kama mtu niliyemmwagia maji ya moto. "Hapana," akasema. "Hapana, mama. Nilimshika mikono yake." Akaketi kwenye kitanda cha jirani kilichokuwa wazi, akavitazama viganja vyake. Nilimwelewa vizuri kuliko mtu yeyote duniani. Kisha akakusanya vitu vyake akaondoka bila kuaga.

Kesho yake dada alileta uji kama kawaida. Aliuweka mezani, akabaki amesimama. Kilemba hakikuwepo kichwani.

"Umenivua nguo mbele za watu," akasema.

"Mimi nimekatwa vidole, dada."

"Ungeniambia kwanza. Ningesema mwenyewe."

"Lini?"

Akaangalia bandeji ya mguu wangu. "Tangu mume wangu afe sikuwa na kitu," akasema. "Nikiingia pale kwenye maombi walikuwa wanasimama. Walikuwa wanasimama, mdogo wangu. Sasa mchungaji amemtuma mtu aniambie sitaongoza maombi tena. Leo asubuhi wamepita nje ya duka langu wasinisalimu. Wewe ndiye uliyefanya hivyo. Wewe niliyekulea."

Alikuwa anaamini kwamba nimemsaliti, niliona wazi. Uso wake ulikuwa kama wangu ulivyokuwa siku ya nesi. Nilitaka kucheka na kulia. Mume wangu, aliyekuwa amekaa pembeni akinikunjia nguo, ndipo hapo alipofahamu yote. Aliinuka taratibu, akachukua bakuli la uji mezani, akamrudishia dada mikononi. "Shemeji, nenda nyumbani," akasema. "Kuanzia leo nitampikia mimi." Hakupandisha sauti. Sijawahi kumwona akimkosea mkubwa adabu, si kabla wala baada ya siku ile.

Nilisikia kwamba Jumapili ile mchungaji alisimama akawaambia watu kuwa hakuna anayeruhusiwa kuacha dawa ya hospitali kwa jina la maombi, na kwamba yeye mwenyewe hakujua. Nadhani alisema kweli. Naye alikuwa amefuta machozi siku ya ushuhuda, nayo yalikuwa machozi ya kweli.

Niliporudi Kirushya nilikuta mume wangu ameshamwagia maji mchanga wa chungu. Nilianza upya: insulini, vidonge, sahani nusu mboga. Nesi wa Ngara hakunigombeza. Alinipima, akaangalia mguu, akanifundisha kuukagua kila jioni, hata unyayo na katikati ya vidole, na kutovaa ndara shambani. Mume wangu ndiye mkaguzi. Ananiinua mguu juu ya paja lake, anavaa miwani, anauangalia kama anayesoma. Nilijifunza kutembea upya, maana vidole vidogo vile vinabeba kazi ambayo hukujua vinaibeba. Kila asubuhi natembea kwa viatu vya kufunika mpaka barabarani na kurudi. Sasa mwili una nafuu. Sukari iko mahali pazuri siku nyingi, siku nyingine haiko, na nimeacha kuiogopa.

Dada alikuja wakati wa mavuno ya maharage. Alikuja bila kupiga simu, na mfuko wa dagaa. Mume wangu alimsalimia, akampa kiti, akatoka kwenda shambani. Tulikaa wawili jikoni tunapukuchua maharage kwenye ungo. Nilimwacha azungumze.

Alisema siku aliposhuhudia mara ya kwanza, kwenye kundi dogo, ilikuwa kweli. Alikuwa amekaa bila dawa na anajisikia vizuri, akaamini kwa moyo wote. Baada ya siku chache kiu ikarudi, akaogopa, akarudi kliniki kimyakimya. Wakati huo tayari walikuwa wanamwita mama wa ushuhuda. Wakamwomba arudie kwenye mkutano mkubwa. "Ningesimama vipi kusema nimerudi kwenye sindano?" akauliza.

Hilo nililielewa, nasema ukweli. Mbele ya watu wote wale, na kilemba cheupe kile, mtu anaweza kushindwa.

"Lakini sebuleni tulikuwa wawili," nikasema. "Nilikuuliza polepole, kwa Kihangaza. Ungenijibu mimi tu. Kwa nini hukunijibu?"

Alipukuchua ganda moja, jingine, jingine. Nilikuwa nimengoja jibu hilo miezi yote. Nilidhani litakuwa kubwa, kitu cha kunifanya nilie, nimkumbatie.

"Niliogopa utamwambia shemeji," akasema. "Na yeye hawezi kunyamaza."

Sababu ilikuwa ndogo kiasi hicho. Nilimtazama nikaona kwamba hakuficha kitu safari hii, hakuna kingine nyuma yake. Niliinuka kwa shida nikaenda kuweka maji ya chai motoni, kwa sababu alikuwa mgeni na alikuwa mkubwa wangu. Tulikunywa bila sukari, wote wawili. Alipoondoka nilimsindikiza mpaka kwenye pikipiki, nikamwambia asalimie huko.

Tunapigiana simu sasa, si mara nyingi. Kwenye misiba ya ukoo tunakaa mkeka mmoja. Watu wanaotuona hawawezi kujua. Ananiuliza mguu unaendeleaje na sukari imesoma ngapi, namtajia namba ya kweli hata ikiwa mbaya. Kisha namuuliza yake. Anataja namba, na mara zote ni nzuri. Nasema, "Tumshukuru Mungu, dada," naye anasema amina, na nikishakata simu nabaki nimeishika, najiuliza kama aliyoniambia leo ni kweli.